Kofia Niliyoivua Roshanini

Ghala la Jibini,
Borgo Saldina,
karibu na Parma.
27 Oktoba, 1957.

Mpendwa Shangazi Zelinda,

Shikamoo Shangazi. Hamjambo huko ng'ambo, Rosario? Mgongo wa Mjomba Bartolo umepoa, au bado anainama kama mundu? Na watoto wanakula? Huku ukungu umeshaingia. Baba kifua kinambana lakini anatembea. Mimi mwili mzima, moyo ndio sina.

Nisamehe mwandiko. Unajua shule niliiachia darasa la tatu. Barua hii nimeianza mara nne, tatu zimeingia jikoni motoni.

Zabibu mwaka huu hamna kitu, mvua ya mawe ilizipiga zote. Nguruwe ananenepa.

Shangazi, chama chetu cha opera kimekufa. Kile mlichokianzisha wewe na Bwana Anselmo kinyozi, kule chumba cha nyuma kwa Mama Argia. Tulikuwa watu kumi na tisa. Sasa meza zimesukumwa ukutani, Mama Argia anaanika vitunguu juu yake.

Ulipoondoka walinipa mimi kiti chako cha Sikio. Sikukiomba. Walisema mtu anayegonga jibini kwa nyundo kutwa nzima, akajua ipi ina tundu ndani bila kuikata, mwimbaji hawezi kumdanganya. Na kwa kuwa mimi kusema mbele za watu siwezi, kofia ilinifaa. Unajua mwenyewe mambo ya kule roshani ya juu, jumba la opera la Parma. Sauti ya mwimbaji ikizama chini ya mahali pake, Sikio linavua kofia, Bwana Anselmo mwenyekiti anapiga mluzi wa kwanza, roshani nzima inafuata. Miaka sita nilikuwa nimevua mara tatu tu. Mwishowe hata watu wa Parma walikuwa wakinitazama kichwani.

Basi mwaka huu Ilde, binti wa Anselmo, akapata kuimba kwenye tamasha la Parma. Yule yule uliyemfundisha sauti jikoni kwako, anasimama juu ya kigoda. Kijiji kizima hakikulala. Tulikwenda kwa lori la maziwa, na mikate, na soseji, na mvinyo wa Mama Argia.

Kule juu utani ulikuwa mwingi. Mama Argia akamwambia Bwana Anselmo, "Leo usilie, mzee, ndevu zitalowa." Naye akajibu, "Ndevu gani? Mimi kinyozi, mama, nalia pakavu." Halafu akanigeukia mimi, shati jipya shingoni linamkaba. "We Learco, usimpendelee. Huku juu hakuna mtoto wa mtu. Nikikuona umempendelea, nakunyoa bila sabuni." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia.

Sehemu ya kwanza Ilde aliimba, nikasahau nimekaa juu ya ubao. Ya pili vilevile. Watu wa Parma wakawa wanatugeukia, wanatikisa vichwa kwamba ndiyo, huyu wenu ni mtu.

Sehemu ya tatu pana ile sauti ndefu anayoishikilia peke yake, vyombo vyote vimenyamaza. Akaipanda vizuri. Mwishoni ikazama. Kidogo, Shangazi. Upana wa ukucha. Labda jumba zima tuliosikia hatuzidi kumi.

Nisikudanganye kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Nilipata muda wa kufikiri. Nilijiambia, nikimwachia huyu kwa sababu ni wetu, na kwa sababu mimi nikimwona barabarani napoteza maneno hata yale machache niliyonayo, basi wale watatu niliwavulia kwa haki gani? Nikavua.

Bwana Anselmo alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kunywa glasi ya maji. Kisha akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Na mluzi ule Ilde anaujua. Ndio aliokuwa akiitiwa chakula, enzi akicheza mtaroni. Akainua uso akatutafuta juu kule, mdomo wazi, wimbo haujaisha. Halafu roshani nzima ikalipuka kwa miluzi, maana walituamini sisi. Pazia likashuka. Opera ikamaliziwa na mwingine.

Mikate tulirudi nayo mizima.

Siku zilizobaki hawakumtaka tena. Alirudi kwa treni siku ya tatu, na sasa anafagia nywele dukani kwa baba yake. Bwana Anselmo alifunga chama kwa maneno matatu, "Nendeni makwenu, basta." Hanilaumu. Jumamosi nilikwenda kunyolewa, akanipaka sabuni nyingi, akaninyoa taratibu. Afadhali angenikata.

Mama Argia yeye alinilaumu. Alinikuta kisimani mbele ya wanawake, "Kagonge jibini zako, bwana mkubwa. Hizo hazina baba." Wengine wananinunulia mvinyo, wananipiga bega, eti mimi ndiye mtu wa kweli kijijini. Hao ndio wanaoniumiza zaidi. Siunywi.

Jumapili nilimfuata Ilde dukani, baba yake hayupo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniishia mlangoni. Akaanza yeye, ufagio mkononi. "Ilizama kweli?"

Shangazi, jibu la hapana nililiona. Lilikuwa pale mbele yangu kama kikombe mezani, kulichukua tu. Nikasema, "Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Ukucha."

"Haya. Asante, Learco." Akaendelea kufagia, akafagia mpaka kwenye viatu vyangu, nikatoka.

Sasa hata kanisani haimbi. Namwangalia kila misa. Anafungua mdomo, midomo inakwenda, sauti hakuna. Anafanya hivyo asiulizwe. Padre hajagundua, wala baba yake. Naona mimi peke yangu.

Ningekuwa nimekosea ningepiga magoti, mambo yakaisha. Tatizo sikukosea. Sina pa kuombea radhi.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ulikuwa Sikio kabla yangu, na ndiwe uliyenilea mama alipokufa. Neno lako watalishika. Mwandikie Ilde. Mwambie nilipokuwa mchanga niliugua masikio, yakatoka usaha wiki mbili, na tangu hapo la kushoto silisikii sawasawa, nawe ukaificha aibu hiyo nisikose kazi. Mwambie ulipopata habari za usiku ule ulilia, kwa kujua nimesikia vibaya. Bwana Anselmo naye mwandikie, karatasi yake peke yake.

Najua hujawahi kusema uongo, na sauti iliyozama hukuwahi kumsamehe mtu. Nakuomba hivyo hivyo. Habari ikifika kwa mwenye ghala atachukua nyundo, nitarudi kubeba ndoo za maziwa. Achukue. Mtu akiniuliza nitasema ni kweli, Shangazi alijua siku zote. Uongo wa maneno mengi siuwezi. Huo wa kutikisa kichwa nitajifunza.

Msalimie Mjomba Bartolo, na Nello, na Mafalda, huyo mwambie kwamba Baba bado anavaa soksi alizomfumia. Mama Argia hajatuma salamu, lakini jana aliniuliza kama wewe huwa unajibu barua upesi.

Mungu awalinde huko ng'ambo, awape usingizi.

Andika kwa mkono wako mwenyewe, zile herufi zako kubwa anazozijua tangu jikoni. Andika kwamba Learco ni kiziwi, na kwamba yeye aliimba sawa.

Mimi nikupendaye, mwanao wa kulea,
Learco