Maji ya Chumvi ya Mama Agata

Milimani, juu ya Matombo,
Morogoro.

Kwa Baba yangu, Mzee Mfaume,

Shikamoo Baba. Najua utaniitikia moyoni hata kama mdomo umekataa, maana tangu nikujue hujawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Kifua chako kinaendeleaje? Na macho je? Dada Zuhura aliniambia kuwa siku hizi unarudi kutoka kwenye mabwawa ya chumvi huku unatokwa machozi kwa mwanga wa jua, na miwani uliyopewa umeifungia sandukuni. Naomba uivae, Baba. Mama angekugombeza.

Mimi ni mzima kwa kiasi changu. Natembea kwa mkongojo, na mguu wa kulia umebaki mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Huku mvua haijakatika. Ukungu unashuka asubuhi na mapema na kukaa hadi saa tano, na nguo zinafuliwa Jumatatu zikakauka Ijumaa.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Dada Zuhura alinifikishia neno lako vilevile ulivyolitamka: "Kama alikuwa na miguu ya kuchimba, alikuwa na miguu ya kuja." Ni kweli tupu, wala sina la kulipinga. Ila nataka uijue habari nzima, pamoja na ile sehemu ambayo sijamwambia hata Dada, kisha uamue mwenyewe. Dada Zuhura, msomee polepole, usiruke mahali hata ukiona aibu kwa niaba yangu.

Siku uliponipigia ukasema Mama ameshikwa na ugonjwa na ananiulizia, nilikuwa mzima kabisa. Nilikuambia nakuja wiki ijayo. Ulipopiga mara ya pili nikasema hivyo hivyo. Sikuwa nakudanganya, nilikuwa najidanganya mwenyewe. Shimo letu lilikuwa limefika kwenye marumaru nyeupe, na ndani ya marumaru hiyo ndimo yanamokaa mawe mekundu ya thamani. Kila jioni nilijiambia kesho tutalipata, nimpelekee Mama mkononi.

Nilikuwa nachimba na mwenzangu mmoja, Kostansi, Mluguru wa hapa hapa, rika langu. Mama yake, Mama Agata, ni mjane anayelima karoti na kabichi kwenye matuta ya mlimani, na nyumbani kwao ndiko nilikopanga chumba tangu nilipofika. Kostansi alisoma kunizidi. Yeye ndiye aliyenieleza mawe haya yanavyotokea. Alisema marumaru ile zamani sana ilikuwa tope la chokaa chini ya bahari. Likafukiwa, likakandamizwa, likaokwa na joto la ardhi. Humo ndani chembe za aina moja zikatafutana, moja ikaketi juu ya mwenzake, safu baada ya safu, hadi jiwe likapata pembe zake sita. Shuleni, alisema, jiwe la namna hiyo huitwa fuwele.

Nikacheka, nikamwambia habari hiyo mimi nimekua nayo Lindi. Nikamsimulia bwawa lako. Jinsi maji yakichoka kuibeba chumvi unavyotanda juu yake utando, vipande vya mraba vidogo vinaelea, vikizidi uzito vinazama na kuendelea kunenepa kule chini. Nikamwambia upepo ukiyatikisa maji unavuna chumvi laini kama unga, lakini yakitulia unavuna punje nene zenye kona kali. Nikamwambia ulivyokuwa unatufukuza na fimbo tukirusha mawe bwawani.

"Kumbe baba yako na mlima huu kazi yao ni moja," Kostansi akasema. "Tofauti ni kwamba baba yako ana haraka zaidi."

Naandika maneno yake ili umjue, maana hutamwona.

Kostansi alijua kuwa Mama anaumwa. Aliniambia zaidi ya mara tatu, "Selemani, nenda kwa mama yako. Jiwe limekaa humu tangu dunia ikiwa changa, halitaondoka wiki hii." Nikawa namjibu, bado kidogo.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kostansi alitaka tukate magogo kwanza tuishikize dari ya shimo. Mimi nikasema tutayakata mchana, niache nichungulie tu. Nikaingia peke yangu, yeye akabaki juu. Ndipo nilipoliona, Baba. Lilikuwa ubavuni mwa ukuta, kubwa kama kidole gumba, jekundu ndani ya weupe ule, na pembe zake zimetimia. Nikapiga kelele, "Kosi, njoo na tindo! Njoo upesi!"

Akaja. Kama nisingemwita asingeingia. Hakufika hata mahali nilipokuwa. Nilisikia mlio kama wa gunia linaloburutwa, kisha giza. Mimi nilifukiwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Yeye alifukiwa wote.

Walionitoa ni wakulima waliokuwa wakipalilia maharage ng'ambo ya bonde. Walichimba kwa majembe na kwa mikono. Wakanifunga kwenye machela ya miti na kanga, wakanishusha mlima ule unaoteleza, wanne wakichoka wanapokelewa na wanne, hadi barabarani gari linakopita. Wengi wao sikuwajua majina, na mpaka leo wapo nisiowajua. Hospitali ya mjini wakanitia vyuma. Kostansi alizikwa nikiwa bado nimelazwa. Siku niliporuhusiwa, sikujua nielekee wapi. Nikatoka mlangoni kwa gongo la kuazima, nikamkuta Mama Agata ameketi kwenye ngazi na kikapu chake, na kitambaa cheusi kichwani. Akasema, "Gari linaondoka saa nane, twende."

Simu yangu ilikuwa imebaki shimoni. Kwa hiyo Dada Zuhura alipotafuta namna ya kunipata, aliipata namba ya Mama Agata. Simu ilipoita, Mama Agata alikuwa ananisafisha mguu. Muuguzi alikuwa amemfundisha kuchemsha maji, kutia chumvi kiasi, kuyaacha yawe vuguvugu, na kuosha kidonda taratibu asubuhi na jioni. Akaifuta mikono, akapokea, akasikiliza kwa muda mrefu huku ananitazama. Kisha akakata, akachovya tena kitambaa kwenye maji, akamaliza kuosha, akafunga bandeji. Ndipo akaniambia.

"Mwanangu, mama yako ametangulia. Wameshamzika."

Mimi sikulia palepale. Yeye ndiye aliyelia, sijui alikuwa anamlilia nani.

Baba, wewe ulidhani mwanao hakumfanyia mama yake hata dua. Sikiliza. Siku ya tatu baada ya habari ile, Mama Agata aliniuliza, "Mama yako alikuwa akiitwa nani?" Nikamwambia, Bi Somoe. Akaondoka. Akashuka hadi kitongoji cha chini walipo Waislamu wengi, akamtafuta mwalimu wa madrasa, akamwambia pale kwangu kuna kijana wa kwenu amefiwa na mama na hawezi kutembea. Jumamosi yake walikuja. Mwalimu na wazee sita walipanda mlima na mikeka yao. Majirani Wakristo wakaja pia, huyu na kuni, huyu na ndizi mbichi, huyu na nazi moja aliyotumiwa kutoka mjini. Kuku walimngoja mwalimu awachinje mwenyewe ili sisi tuweze kula. Nyumba ile ilikuwa na msiba wake ambao haujafika arobaini, na picha ya Kostansi ilikuwa ukutani. Chini ya picha hiyo wakamsomea Mama hitima.

Baada ya dua, mama mmoja jirani aliniuliza, "Tuambie basi, alikuwa mtu wa namna gani?" Nikasema tu, alikuwa mke wa mvuna chumvi asiyependa chumvi, chakula chake kila mgeni alikuwa anaomba kuongezewa chumvi. Wakacheka wote. Nami nikacheka, halafu ndipo nikalia.

Wiki zilizofuata sikuwa na kazi zaidi ya kulala na kutazama. Maji ya chumvi yaliyobaki kwenye sufuria nilimwomba Mama Agata asiyamwage. Nikawa nayakusanya katika kibakuli kipana, tukakiweka kwenye kichanja juu ya mafiga, panapokauka. Baada ya siku kadhaa kingo zikaota vumbi jeupe, kisha chini vikaonekana vipande vya mraba vidogo kama vichwa vya sindano. Nikachagua kimoja chenye kona nzuri, nikavitoa vingine vyote, maana vikiwa vingi vinagawana na hakuna kinachokua. Kila jioni nikakiongezea maji yaliyokolea, bila kukitikisa. Mama Agata alianza kwa kunidhihaki kuwa nimegeuka mganga. Baadaye nikamwona kila akipika anainua mfuniko anachungulia. Kikafika ukubwa wa punje ya hindi, cheupe, unaona vidaraja vidogo ubavuni.

Jioni moja alikitazama sana, akasema, "Kosi angependa kukiona hiki."

Nikashindwa, Baba. Nikamwambia yote. Kwamba mwanae alitaka tukate magogo nikakataa. Kwamba alikuwa juu, salama, mimi nikamwita. Mpaka siku ile kijiji kizima kilikuwa kinasema ni mvua.

Hakupiga kelele. Alisimama, akakishusha kile kibakuli, akaenda nacho uani, nikasikia maji yanamwagika kwenye tope. Aliporudi aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku nne hakunisemesha. Hakuitikia shikamoo yangu, na wewe unajua hilo lina uzito gani. Nilifunga nguo zangu kwenye mfuko, nikajiandaa kuondoka ingawa mguu ulikuwa bado haukanyagi. Lakini kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta sufuria ya maji ya chumvi sakafuni, vuguvugu, na kitambaa safi kimekunjwa juu ya mfuniko. Na jioni hivyo hivyo. Nilikuwa najiosha mwenyewe, vibaya. Uji nao ulikuja. Hakuniangalia, ila alinipikia.

Siku ya tano alinikuta nimekaa kizingitini na mfuko wangu. Akapiga magoti, akaufungua mguu, akauosha. Akasema bila kuinua uso:

"Sijakusamehe, Selemani. Usije ukadhani nimekusamehe. Nikiamka nakuchukia, nikilala nakuchukia. Lakini kidonda hakijui habari hizo, kinataka kuoshwa."

Nikamuuliza kwa nini hanifukuzi. Akafunga bandeji kwanza, akalivuta fundo.

"Nikikufukuza, asubuhi nitamchemshia nani maji? Binti zangu wako Gairo na waume zao. Kaa upone. Ukipona uende kwenu."

Tumeishi hivyo mpaka sasa. Kuna siku anazungumza nami, kuna siku hazungumzi. Nimeanza kumsaidia kidogo, nachambua mbegu nikiwa nimekaa, nafunga mafungu ya karoti ya kushushwa sokoni. Shimo serikali ya kijiji imelifukia. Lile jiwe limo humo humo, na mimi sina haja nalo.

Kidonda kimefunga. Daktari anataka kuniona mara moja tu tena, kisha naweza kusafiri. Nitakuja, Baba. Sitakuletea kitu chochote. Usimtume mtu kunipokea stendi, na msipike. Nikifika nitakaa barazani. Ukitaka kunipiga, nipige, ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ninachoomba ni kimoja, unioneshe mwenyewe kaburi la Mama. Sitaki kuoneshwa na jirani.

Nisalimie Dada Zuhura, ambaye amebeba maneno yangu na yako bila kumwaga, na shemeji yangu mumewe. Msalimie Mama Mdogo, ambaye nasikia ndiye aliyemwosha Mama mara ya mwisho, mwambie mikono yake naibusu. Msalimie imamu wetu, na wenzako wote wa bwawani.

Nilipomwambia Mama Agata kuwa nakuandikia wewe, aliendelea kuchambua mbegu zake. Kisha akasema niandike hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Mzee mwenzangu, wa kwako ana kosa, na mimi nalijua kosa lake kuliko wewe. Lakini mimi leo, wangu akibisha hodi, hata kama ameua, ningefungua."

Ni mimi mwanao,
Selemani Mfaume