Taarifa ya Saa Mbili, Ngokolo

Ngokolo, Shinyanga
12 Aprili 2025

Mwanangu Shamimu,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Natumaini wewe na duka lako la simu huko Runzewe hamjambo.

Ulipokuja Idi uling'oa antena yangu, ukaondoka na king'amuzi, ukaniachia hii televisheni ya intaneti. Mzee Makoye na Mama Noela, majirani ambao wanakuja kwangu kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili tangu mama yako akiwa hai, wameivumilia siku tatu. Siku ya kwanza tulichagua cha kuangalia mpaka chai ikapoa. Makoye anataka ngumi, Mama Noela anataka mahubiri. Siku ya pili bando likaisha. Ya tatu, kioo kikauliza kama bado tunatazama. Nimelea watoto watano, sijawahi kuhojiwa hivyo ndani ya nyumba yangu. Sasa kila mtu anakaa kwake.

Nirudishie king'amuzi.

Baba yako,
Hatibu

Runzewe
20 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Huku tu wazima. King'amuzi nimeshampa mtu, na sinunui kingine. Hivyo vituo vinakufa, baba. Wachimbaji wa huku wanaangalia mechi na tamthilia kwenye simu, wamekalia mifuko ya mawe, kwa muda wanaotaka wao. Hakuna anayemsubiri mtangazaji avae tai. Hiyo habari yenu ya saa mbili mimi ninayo tangu saa nne asubuhi. Kusema kweli, nyie mnaisubiri kwa sababu hamna kingine cha kusubiri isipokuwa kifo.

Mwanao,
Shamimu

Runzewe
3 Juni 2025

Shikamoo baba.

Hali yako? Magoti je? Barua yangu hujaijibu na simu hupokei. Najua ni lile neno la mwisho. Kwenye intaneti sijabadili msimamo, lakini neno lile nalifuta. Nisamehe.

Mwanao,
Shamimu

Ngokolo
19 Juni 2025

Shamimu,

Marahaba. Mimi mzima.

Televisheni yako nimempa fundi wa redio pale Kambarage, naye kanipa king'amuzi na televisheni ya chogo, ile nene ya zamani. Aliniona mjinga, nami nilimwona vivyo hivyo. Majirani wakarudi siku hiyohiyo.

Jumatatu muziki wa taarifa ulipigwa, kiti cha Makoye kitupu. Mama Noela akasema, "Huyu hajawahi kukosa hata vichwa vya habari." Tukaacha televisheni ikiongea peke yake, tukamfuata. Tulimkuta sakafuni jikoni, kapigwa na kiharusi, anatuangalia tu. Watoto wake wako Geita, humpigia simu Jumapili. Tukamkimbiza hospitali; daktari amesema angelala pale mpaka asubuhi, tungemkuta maiti.

Mdomo umepinda, lakini anaongea. Nilimsomea barua zako. Akacheka kwa upande mmoja, akasema nikusamehe, hujazeeka. Nimekusamehe, ingawa hoja yako bado ni ya kipuuzi. Pengine vituo vitakufa kweli. Ila niambie: kila mtu akiangalia kwa muda wake, nani atajua nani hajaja?

Njoo Jumamosi umwone. Ufike kabla ya saa mbili. Ikishaanza hatumpishi mtu.

Baba yako,
Hatibu