Nasaba ya Kutundika Sebuleni

Jumamosi, 4 Januari 2025

Nimeanza! Karatasi ya manila imeshajaa nusu. Ukoo wake Hafiz anauchora mwenyewe kwao Mpendae, wangu nauchora mimi, na baada ya harusi tutazitundika zote mbili sebuleni. Anasema watoto wetu wasiwe kama sisi — akitajwa babu wa tatu tu, tunababaika. Harusi mwezi ujao, Shaaban. Kwa Baba nimemaliza. Kwa marehemu Mama ndiko kulikopwaya. Kesho Mkokotoni, kwa Bi Mwanakheir, mama mdogo wa Mama. Kabaki yeye tu.

Jumapili, 5 Januari

Nimerudi.

Bi Mwanakheir alifurahi mno kuulizwa. Majina yalimtoka mfululizo. Nilipofunika kalamu akashangaa: mbona wa ziwa, walionyonya pamoja, siwaandiki? Nao ni ndugu! Akanihadithia. Mama alikwenda kujifungua kaka yangu Ubwa kwake, alipokuwa akikaa Malindi. Nyumba ya pili mtoto mchanga analia, mama yake kalazwa hospitali. Bibi yake akamleta, Mama akampokea. Zaidi ya mwezi akiwanyonyesha wote wawili. Nikauliza mtoto wa nani, huku nacheka.

"Wa Mkadam, fundi saa. Wakimwita Hafiz. Sijui yuko wapi siku hizi, kakako huyo."

Anajua naolewa. Na nani, hakuwahi kuambiwa. Nilimbusu mkono nikaondoka, chai sikuimaliza.

Jumatatu, 6 Januari

Sikwenda kazini. Walipokuja kuposa, Baba aliwachimba hadi mababu. Tabia, kazi, swala. Ziwa hakuna aliyeliuliza. Yeye mwenyewe miaka ile alikuwa Maskati.

Naweza kunyamaza. Bi Mwanakheir hatembei tena, harusini hatokuja. Nani atajua? Nimelifikiria hilo tangu alfajiri, Mungu anisamehe.

Jumatano, 8 Januari

Nimeshindwa kunyamaza. Nilimwambia Hafiz jana, dukani kwake Darajani. Kwanza alicheka. Halafu akateremsha mlango wa duka, mchana kweupe.

Kamuuliza mama yake. Kweli alilazwa, hajitambui; aliporudi, mkwewe alimwambia mtoto kanyweshwa maziwa ya kopo. Leo wamekwenda na Baba kwa sheikh. Akauliza alinyonya mara ngapi, na akiwa na umri gani. Mara tano tu zinatosha kuwafanya ndugu, na ndugu wa ziwa hawaoani. Yeye mwezi mzima!

Baba karudi, kakaa kitandani kwangu, akalia. Mama alipofariki sikumwona akilia.

Nampenda. Hata kuandika hivi sijui kama ninaruhusiwa. Wanasema moyo utazoea, nitampenda kama Ubwa. Sitaki kumpenda kama Ubwa!

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya swala wazee wa kwao wamekuja kuvunja uchumba kwa wema. Wamemleta na Bi Mwanakheir kwa gari, aseme mwenyewe mbele yao. Kasema. Kisha kaingizwa ndani kwetu wanawake, kanishika mkono, analia kuliko mimi. Alitaka tu nisimwache mtu kwenye karatasi, anasema.

Hodi. Nikaijua sauti. Nikavuta mtandio.

"Wacha, Nassra," Bi Mwanakheir akaniambia. "Huyo hujitandi kwake tena. Aingie tu, kakako."

Nimekimbilia chumbani, naandika nimesimama. Hafiz yuko ukumbini, nasikia wanamkaribisha kiti. Baba ananiita, mara ya pili sasa. Naam, Baba, nakuja.

Mtandio nimeubana kwa pini. Mbili.