Jitu la Shoka au Kijitu Mwimbaji

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Msambweni. Babu yako hajambo, na dada yako amejifungua salama mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Umeniuliza uwe nani katika huo mchezo wenu wa kujigeuza watu wa hadithini: jitu lenye shoka, au kijitu mwimbaji ambaye wenzako wanasema hana faida.

Nilipokuwa msichana huko Kinango, asubuhi moja ndovu waliingia shambani, mahindi yakiwa karibu kuvunwa. Mjomba Nyawa, mtu wa miraba minne, alishika mkuki. Mimi nilikuwa na kimo kidogo, nikijulikana kwa sauti tu, kwa kuongoza nyimbo za harusi.

"Mjomba, usiwaendee! Tuwapigie kelele."

"Kelele za mtu mmoja mmoja wamezizoea," akasema.

Basi nikaanzisha wimbo wa harusi. Kina mama wakaitikia, wanaume, Mjomba naye akiwemo, wakapiga madebe kwa mpigo mmoja, tukasonga mbele pamoja. Ndovu mkubwa akatanua masikio. Nikazidi kupaza sauti. Mara akageuka, na wenzake wote wakamfuata hadi msituni!

Mjomba alinibeba mabegani, akizunguka nami kijiji kizima. "Huyu ndiye jemadari wetu!" Mahindi yale tuliyavuna yote.

Sikuchagulii, mjukuu wangu. Ila ukiwa mwimbaji, tafuta na jitu la kukuitikia.

Bibi yako akupendaye,
Mwanakombo