Namba za Kuingia, Namba za Kutoka

Jumatano, 6 Machi 2013
Al Qusais. Nyaya tena. Siku nzima chini ya sakafu, magoti yamechubuka. Mwaka wa tatu huu na bado navuta kama punda. Wafula anakaa kwenye kiti, anaandika kwenye kompyuta. Yeye fundi, mimi kibarua. Mtambo unaitwa ATM, si ile ya kutolea pesa. Huu unasafirisha simu na data za maofisi. Kwenye kila mlango wake, njia ina namba mbili: ya kuingia na ya kutoka. Zikikosewa, simu hazifiki. Mwaka mzima nimechungulia juu ya bega la Wafula. Najua.

Ijumaa, 8 Machi
Maofisi yamefungwa, ndiyo siku ya kubadilisha namba. Wafula alitaka kwenda kanisani. Huku Uarabuni hata ibada ya kanisa ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Miezi miwili hajaenda. Akaniachia kiti, akaniachia na neno lake la siri.
"Shika, injinia wa madrasa. Usiniunguzie mtambo."
Milango minane, karatasi moja. Niliandika kwa kidole kimoja. Taa zote kijani. Aliporudi nilikuwa nimemaliza, akasaini fomu. Leo nimejiona mtu.

Jumapili, 10 Machi
Ofisi za Al Jaddaf hazina simu tangu asubuhi. Sir, msimamizi wetu, alikuja amefura. Akafungua mtambo: namba zimegeuzwa, milango yote minane. Ya kutoka imekaa pa kuingia.
Niliiangalia tena karatasi. Nilianzia safu ya kulia. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nilijulia madrasa, na macho yangu huanzia upande wa kulia, kama Kiarabu. Sikuuliza. Niliona haya kuuliza. Mjinga mimi.
Mtambo umeandika jina la Wafula. Fomu ina saini yake.

Jumatatu, 11 Machi
Sijala. Nilimfuata Wafula jikoni kambini, nikamwambia nakwenda kwa sir kusema ukweli. Hakuacha kukata vitunguu.
"Utasema nini? Kwamba nilimpa kibarua neno la siri, nikaenda kuimba? Tutarudishwa wote wawili, Bakari. Nyamaza."
Ana watoto wanne Bungoma. Mimi nina mmoja, Kwale.
Nilinyamaza. Na niliposikia hilo neno, nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa.

Alhamisi, 14 Machi
Khalas, yamekwisha. Visa imefutwa. Wafula ameondoka na begi moja na blanketi lake la maua. Alinipa mkono. Sikuweza kumtazama usoni.
Mchana sir aliuliza nani anaweza kuandika namba. Watu wote wakageuka kwangu; wameniona mwaka mzima nikichungulia. Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, mimi, sir.

Jumamosi, 16 Machi
Sina hamu ya kitu. Kitanda cha Wafula kimepata mtu mwingine. Anakoroma.

Ijumaa, 22 Machi
Maofisi yamefungwa. Nimekaa kwenye kiti cha Wafula. Juu ya karatasi nimechora mshale mwekundu, kutoka kushoto kwenda kulia. Milango sita. Kila namba nimeisoma mara tatu.
Adhana ya Ijumaa imepigwa. Vijana wametawadha, wamekwenda. Mmoja alisimama mlangoni kunisubiri, kisha akaenda zake.
Sikutoka. Hakuna wa kumwachia kiti.