Pilau ya Arubaini Yako

Mama,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana kila nikikaa nainuka. Jana umetimiza arubaini tangu ututoke. Tangu watu waondoke sijatulia.

Mchele umepanda, Mama. Unga umepanda, mafuta nayo yamepanda. Dukani kwetu huku ughaibuni, Kilburn, wamebandika tangazo: mfuko mmoja tu kwa kila mteja, na huo mmoja wenyewe unaushika, unautazama, unaurudisha. Mshahara wangu wa usafi haujasogea hata kidogo. Mimi na mjukuu wako Amina tulikuwa tunakula viazi tu, ili hitima yako isikose pilau. Hilo nilikuwa nimeapa.

Basi nikaenda supamaketi, kusiko na tangazo, nikaona mchele wa bei poa, punje fupi nene. Nikabeba paketi sita kwa furaha. Amina akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba ule ni wa kupikwa na maziwa na sukari. Nikamjibu mchele ni mchele.

Mchele si mchele! Nilipofunua sufuria nilikuta bokoboko. Ukichota, mwiko unasimama wenyewe. Na wewe ndiwe uliyewapikia watu hitima zao miaka yote, ukisema, "Punje isimshike mwenziwe." Nililia pale jikoni, na wala si kwa msiba, ni kwa hasira. Wageni walishamaliza kusoma, wananisubiri. Ningefanya nini? Nikapakua.

Shoga yako Bi Mwanaidi alikuja kutoka Hounslow. Unamjua, hajawahi kula kwa mtu asitoe kasoro. Nikamkalia mkao wa kusemwa. Hakusema. Alikula, akamaliza, akakwangua sinia. Wenzake vilevile. Mpaka ukoko walinyang'anyana, wakicheka kidogo, macho chini.

Halafu akafungua mkoba, akatoa kopo tupu la aiskrimu. "Mwanangu, nitilie kidogo cha kesho." Mama, wengine nao wakafungua mikoba. Karibu wote walikuja na makopo.

Nilipakua mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Wiki zote hizi nilidhani dhiki iko nyumbani kwangu tu, nikajifungia nayo, simu za watu sipokei. Kumbe Bi Mwanaidi, mwanamke mwenye maringo yale, analala na chai kavu. Afadhali angenitukana pilau yangu. Ningelala.

Nimewaza asubuhi nzima, nazunguka chumba hiki kama kuku anayetaka kutaga. Nikimpelekea chakula atakikataa, atasema hajafika huko. Kwa hiyo nakuahidi hivi: kila Ijumaa nikitoka kazini nitakwenda Hounslow na chungu, cha maharage, cha viazi, chochote kitakachopatikana. Nitamwambia Mama amefariki hajanifundisha kupika, naomba aonje anikosoe. Hapo hatakataa.

Utanisamehe kwa kukusingizia. Pumzika, Mama yangu. Dua sitakukatia.

Mwanao,
Saumu