Bastola ya Baba Yake Mzee Keck Yaletwa Mbele ya Kamati

CHAMA CHA BASTOLA KONGWE ZA KIJESHI, BONDE LA TAMARACK, WISCONSIN
KAMATI YA USALAMA

Tarehe: Jumamosi, 8 Machi 2025
Mahali: Chumba cha kahawa, uwanja wa shabaha

Waliohudhuria: Bi. Arlette Nygaard (Mwenyekiti), Bw. Emil Prochaska (Mkaguzi wa Silaha), Mzee Dorrance Keck (Mwanachama), Bw. Wendell Tibbs (Katibu)
Hakuhudhuria: Bw. Lyle Bogner (kaenda kuvua samaki kwenye barafu, udhuru haukupokelewa)

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:10 asubuhi, akasihi watu wasikatizane. Walikatizana.

KUMB. NA. 2/3/2025: MALALAMIKO YA MZEE KECK
Mzee Keck alieleza kwamba mwezi uliopita Bw. Prochaska alimpokonya pakiti ya risasi mbele ya wanachama wote. "Emil, umenidhalilisha kama mwizi wa kuku! Na mimi nimekuwa humu kabla hujaota ndevu." Aliongeza kwamba bastola ni ya marehemu baba yake, aliyerudi nayo kutoka vitani na kumkataza kuigusa maisha yake yote. Jumatatu inakwenda makumbusho ya kaunti. Ama leo aifyatue, ama basi tena.

Bw. Prochaska alijibu kwamba bastola hiyo ni ya Kiingereza, na kuna fundi wa zamani aliyeikwangua nyuma silinda, kile kibebea risasi kinachozunguka, ili ipokee risasi za Kimarekani zinazouzwa kila duka. Zinaingia, ndiyo, lakini nguvu ya risasi hizo inaizidi bastola. "Kuingia si kufaa, mzee wangu. Bora nikuaibishe kuliko nikuokotee vidole."

Mzee Keck alisema neno ambalo Katibu hataliandika.

KUMB. NA. 3/3/2025: RISASI ZA BW. PROCHASKA
Hapo Bw. Prochaska alitoa mfukoni risasi kumi na mbili alizozijaza mwenyewe kwa baruti kidogo, wiki nzima, bila kumwambia mtu. Mwenyekiti alimuuliza mbona hakusema mapema. Alijibu, "Nani angenisikiliza kwa kelele zile?"

Ilikubaliwa kwamba utaratibu ufuatwe: bastola ifungwe kwenye tairi, kifyatulio chake kivutwe kwa kamba kutoka nyuma ya ukuta. Sita zililia salama. Silinda ilikaguliwa, haikuwa na ufa.

KUMB. NA. 4/3/2025: ZAMU YA MZEE KECK
Alivaa miwani na vizibo vya masikio, akafyatua sita zilizobaki. Tano hazikugusa hata karatasi ya shabaha. Ya mwisho ilichana ukingo wa kushoto.

Mwenyekiti alimpa pole. Mzee Keck alisema hahitaji pole: "Baba alikuwa akisema inavuta kushoto. Miaka sitini nilidhani mzee anajitetea tu kwa kukosa shabaha!" Alicheka mpaka akalia, akamshika Bw. Prochaska begani na hakumwachia upesi. Katibu naye hakuona vizuri kwa muda, hivyo saa ya kufunga ni ya kukadiria.

Kikao kiliishia uwanjani, yapata saa 5:20 asubuhi.

A. Nygaard, Mwenyekiti ....................
W. Tibbs, Katibu ....................